Jicho la Kompyuta Linaposhindwa Kuona

Mashine nyingi zikiharibika hutoa taarifa. Mnyororo wa baiskeli ukilegea hupiga kelele. Redio ikikatika waya hunyamaza. Injini ikikosa maji huchemka hadi dereva asimame. Kamera iliyounganishwa na kompyuta ina namna mbili za kuharibika. Namna ya kwanza ni kama ile ya redio: kioo cha kompyuta hubaki cheusi, na kila aliye karibu hujua kwamba pana hitilafu. Namna ya pili ni ya hila zaidi. Kamera huendelea kupiga picha, kompyuta huendelea kutoa majibu, taa zote huwaka kama ipasavyo, ilhali majibu yenyewe si ya kweli. Mkulima huambiwa kwamba viazi vyake ni vizima siku chache tu kabla ya shamba kugeuka jeusi.

Jambo hili limekwisha kuingia madarasani, kwa kuwa vifaa vyenyewe si vya maabara kubwa tena. Kompyuta ya ubao mmoja ni kompyuta kamili ambayo prosesa yake, kumbukumbu yake na soketi zake zote zimepachikwa kwenye bamba moja linalokaribia ukubwa wa kitambulisho. Iliyoenea sana miongoni mwa jamii hiyo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwezi Februari 2012 kwa nia ya kuwarudisha vijana kwenye uandishi wa programu. Kamera yake ya kwanza ilifuata mwezi Mei 2013: kijibamba chenye upana wa milimita 25, lenzi yenye ukubwa wa punje ya hindi, na uwezo wa kupiga picha ya chembe milioni 5. Chembe hizo mafundi huziita pikseli. Toleo la mwaka 2016 lilifikisha pikseli milioni 8, na lile la 2023 milioni 12, pamoja na uwezo wa kurekebisha lenzi lenyewe. Kwa upande wa programu, wengi hutumia OpenCV, mkusanyiko wa zana za kuchambua picha ulioanzishwa katika kampuni ya Intel mwaka 1999 na ambao hutolewa bure.

Chukua kazi mbili ambazo chama cha sayansi cha shule yoyote ya Mkoa wa Njombe kingeweza kujitwika. Ya kwanza ni ya Njombe mjini na vijiji vinavyouzunguka: kamera itazame majani ya viazi mviringo na kueleza kama yana dalili za ukungu, ugonjwa uletwao na kiumbe kinachofanana na kuvu, kiitwacho kitaalamu Phytophthora infestans, kile kile kilichosababisha njaa kuu ya Ayalandi kuanzia mwaka 1845. Ugonjwa huu hustawi penye baridi na unyevu, na Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haikosi kimojawapo. Kazi ya pili ni ya Makambako, yapata kilomita 60 upande wa kaskazini: kamera ihesabu malori, mabasi na magari madogo katika njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia, si mbali na stesheni ya TAZARA. Kwa kazi hii ya pili hapana budi kuomba ruhusa kwanza, kwani namba za magari na nyuso za wapita njia si mali ya mpiga picha, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.

Kazi hizo mbili zimechaguliwa kwa sababu hitilafu zake hazifanani. Njombe ina ukungu wa asubuhi, umande na majani ya kijani yaliyojaa kila pembe ya picha. Makambako ina upepo, vumbi, mwendo wa magari na taa za usiku. Kamera ni ile ile.

Kukata mnyororo katikati

Safari ya picha ni mnyororo. Mwanga hutoka kwenye jua au taa, hugonga jani, hupita katika lenzi, hutua juu ya kipande cha silikoni kiitwacho kihisi, ambacho hugeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa tarakimu. Tarakimu husafiri katika utepe mwembamba wa nyaya hadi kwenye ubao. Huko hupokewa na programu kiendeshi, ambayo kazi yake ni kusema na kamera tu. Kisha hukabidhiwa programu ya kutambua, ambayo ndiyo hutoa neno la mwisho: jani zima, jani gonjwa, lori, basi.

Mwanafunzi ambaye hajafundishwa huanza kutafuta hitilafu mahali palipo karibu na macho yake, yaani kwenye programu aliyoiandika jana. Hubadilisha mstari huu, huongeza ule, hufuta na kuandika upya, na baada ya siku mbili hajui tena kama hitilafu anayoitafuta ni ile ya kwanza au ni ile aliyoiumba mwenyewe. Mwingine hukimbilia kununua kamera mpya, na fedha ya chama huisha kwa ajili ya utepe uliokuwa umelegea.

Fundi wa redio wa siku za transista aliyeijua kazi yake hakuanza kwa kubadilisha vipuri. Aligusa kwa bisibisi kitufe cha sauti, ambacho katika saketi kiko karibu na katikati. Spika ikivuma, alijua kwamba nusu ya pili ni nzima, akaigeukia ya kwanza. Kisha akaikata nusu hiyo tena. Hisabati ya njia hii ni ile ya vipeo vya 2: mnyororo wa viungo 8 huhitaji majaribio 3 tu, na wa viungo 16 majaribio 4, ilhali anayepima kiungo kimoja kimoja kwa zamu aweza kuhitaji kuvipima karibu vyote.

Katika kamera, mahali pa kukata ni kati ya programu kiendeshi na programu ya kutambua. Weka kando kazi yote ya kutambua. Piga picha moja kwa amri ya kawaida iliyokuja na kompyuta, ifungue, itazame kwa macho. Picha ikiwapo na ikiwa safi, kila kilicho nyuma yake, kuanzia lenzi hadi utepe, kimeachiliwa huru. Isipokuwapo, programu ya kutambua haina hatia, wala isiguswe.

Kamera isiyoonekana

Tuseme picha haipo, na kompyuta inaeleza kwamba haioni kamera yoyote. Hapa washtakiwa si wengi, na wa kwanza ni utepe. Una pande mbili, na upande mmoja tu ndio wenye njia za shaba zinazong'aa. Ukichomekwa kinyume, njia hizo hugusa plastiki. Zaidi ya hayo, kwenye matoleo ya kawaida yaliyotangulia lile la mwaka 2023 zipo soketi mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya kamera na nyingine ya kioo, na haziko mbali. Toleo la 2023 limeleta soketi nyembamba zaidi yenye njia 22, ambayo utepe wa zamani wa njia 15 hauingii. Huhitajika utepe wa kubadilishia. Juu ya kijibamba cha kamera chenyewe, katika matoleo ya mwanzo, kipo kiungo kidogo cha kubana kinachounganisha kihisi na bamba, nacho hufunguka kwa kuguswa tu. Kukibonyeza kwa ukucha kumefufua kamera nyingi zilizokwisha kuzikwa kabatini.

Kompyuta izimwe kabla ya utepe kuguswa. Katika miezi ya baridi ambapo watu wa Njombe na Makambako huvaa masweta mazito, na hewa kavu ya mchana ikiwapo, mwili hukusanya umeme tuli wa volti maelfu bila mvaaji kujua, na kihisi hakivumilii mshtuko huo. Gusa kwanza bomba la maji au chuma kilichoshikana na ardhi.

Mshtakiwa wa pili ni umeme, na huyu ndiye anayesingizia wenzake. Kompyuta hizi hutumia volti 5, na zikipata chini ya volti 4.63 huonya kwa alama ya radi kwenye kioo. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kukokotoa kinachotokea. Chaja nzuri hutoa volti 5.1. Waya mwembamba wa kuchajia simu, ukihesabu kwenda na kurudi, waweza kuwa na ukinzani wa omu 0.3. Kompyuta ikitumia ampea 2, volti zinazopotea njiani ni 2 mara 0.3, yaani 0.6. Zinazofika ni 4.5. Chaja ni nzima, kompyuta ni nzima, kamera ni nzima. Kilichokosekana ni unene wa shaba. Tena hitilafu hii haitokei kompyuta inapopumzika, kwa kuwa wakati huo ampea ni chache. Hutokea pale kamera inapowashwa na programu ya kutambua inapoanza kupiga hesabu kwa nguvu zake zote, ndipo kompyuta huzimika na kujiwasha upya. Mtazamaji huapa kwamba programu yake ndiyo inayoizima.

Mshtakiwa wa tatu ni wakati. Mwezi Novemba 2021 mfumo wa uendeshaji wa Raspberry Pi ulibadilisha njia yote ya kusema na kamera. Amri na programu za awali ziliwekwa kando, na nyingine mpya zikashika nafasi yake. Mwongozo ulioandikwa mwaka 2015 unaweza kufuatwa neno kwa neno, bila kosa hata moja, na kamera isionekane. Kwa hiyo, kabla ya kufuata mwongozo wowote, yafaa kutazama tarehe yake, kama mtu atazamavyo tarehe kwenye chupa ya dawa. Na mwisho, programu mbili haziwezi kuitumia kamera moja kwa wakati mmoja. Programu ya jana ambayo haikufungwa vizuri huendelea kuishikilia kamera kimyakimya, na ya leo huambiwa kwamba kamera ina shughuli.

Programu isiyolalamika

Sasa tuseme picha ipo, na nzuri, lakini programu ya kutambua haitoi jibu, au hufa kwa ujumbe mrefu usioeleweka. OpenCV ina tabia moja ambayo imewapotezea wanafunzi wengi usiku wao. Ikiambiwa isome picha kwenye faili ambalo jina lake limekosewa herufi moja, hailalamiki. Hurudisha kitu kitupu na kuendelea. Kilio hutokea baadaye, mistari kumi mbele, pale kitu hicho kitupu kinapotakiwa kupunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi, na ujumbe wa kosa huelekeza huko, mahali pasipo na kosa. Dawa ni fupi: mara tu picha inapopokelewa, programu iandike vipimo vyake. Ikiandika mistari 2,464 na safu 3,280, picha ipo. Ikishindwa kuandika kitu, mkosaji amepatikana kabla hajatoroka.

Vipimo hivyo vina faida nyingine. Zidisha 3,280 kwa 2,464, kisha kwa 3, kwa kuwa kila pikseli hubeba tarakimu moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Picha moja huchukua baiti zaidi ya milioni 24. Ubao mdogo wenye kumbukumbu ya megabaiti 512 hujazwa na picha zipatazo 22, hata kabla ya programu yenyewe kupata mahali pa kukaa. Anayehifadhi kila picha ya njia panda ya Makambako katika kumbukumbu ili aihesabu baadaye ataona kompyuta ikiganda baada ya sekunde chache, na hapana ujumbe wowote utakaomwambia sababu.

Rangi zinazodanganya

Hitilafu za namna ya pili, zile za hila, huanza hapa. Programu nyingi hupanga rangi kwa utaratibu wa nyekundu, kijani, buluu. OpenCV, kwa sababu za kihistoria, hupanga kinyume: buluu, kijani, nyekundu. Picha ikitoka kwenye programu ya utaratibu mmoja na kuingia kwenye nyingine bila kugeuzwa, nyekundu na buluu hubadilishana viti.

Mtu angedhani kwamba kosa hilo huonekana mara moja, na kwa anga au kitenge chekundu ndivyo ilivyo. Lakini angalia kinachotokea kwa jani la kiazi. Kijani kimo katikati, hakiguswi. Jani zima hubaki la kijani, na mtazamaji huridhika. Ni madoa ndiyo hubadilika: njano, ambayo ni mchanganyiko wa nyekundu na kijani, huwa rangi ya samawati, na kahawia ya ukungu huwa rangi ya majivu yenye ubuluu. Programu iliyofundishwa kutafuta kahawia haitaiona. Kosa limeficha ugonjwa peke yake, na kuacha uzima ukionekana kama ulivyo. Ndiyo maana jaribio la rangi lisifanywe kwa jani hata kidogo. Lifanywe kwa kitambaa chekundu.

Chanzo kingine cha udanganyifu kimo ndani ya kamera. Kihisi chenyewe hakioni rangi. Hupima wingi wa mwanga tu. Juu yake pamewekwa vichujio vidogo mno, nusu vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Ili picha ya mchana na ya taa zifanane, kamera hukadiria weupe yenyewe, na moja ya njia zake za kale ni kudhani kwamba, kwa wastani, kila picha ni ya kijivu. Kwa picha ya darasa au ya soko dhana hiyo haiko mbali na kweli. Kwa picha iliyojaa majani ya viazi ni uongo mtupu: kamera huona kijani kingi, hukidhania kuwa ni kasoro ya taa, hukipunguza, na jani zima hutoka likiwa na unjano na uzambarau wa mgonjwa. Tiba ni kuweka karatasi nyeupe mahali pale pale penye mmea, kuipiga picha, na kuiamuru kamera ishikilie kipimo hicho bila kukibadilisha hadi kazi iishe. Mwanga ukibadilika, karatasi hurudi.

Wenye hadubini wameikuta shida ya jamii hiyo hapa hapa nchini. Hadubini ya OpenFlexure, iliyobuniwa na wanafizikia wa vyuo vikuu vya Cambridge na Bath, huchapishwa kwa plastiki na kutumia kamera hizi hizi; Dar es Salaam imeundwa na kampuni ya Bongo Tech & Research Labs, na Taasisi ya Afya Ifakara imeijaribu kwa damu yenye vijidudu vya malaria. Ili kamera ikae kwenye hadubini, lenzi yake ya asili huondolewa. Lakini kila pikseli ya kihisi ina kilenzi chake, na vilenzi hivyo vimepangwa kuupokea mwanga kwa pembe ile ya lenzi iliyoondolewa. Matokeo yake, pembe za picha huwa nyeusi na rangi zake hufifia, jambo la hatari kwa kazi inayotegemea kuona zambarau ya kijidudu ndani ya chembe ya damu. Watafiti hao walieleza mwaka 2020 namna ya kulirekebisha: kupiga picha ya mwanga mtupu usio na kitu, kisha kutumia picha hiyo kuwa kipimo cha kusahihishia nyingine zote. Ni ile karatasi nyeupe, katika umbo la maabara.

Taa, mwendo na umande

Usiku wa Makambako una somo la fizikia ambalo halimo katika miongozo mingi. Umeme wa gridi ya Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kwa hiyo taa nyingi zilizounganishwa nao hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho haliyaoni hayo. Kihisi huyaona, kwa kuwa hakisomi picha yote kwa mkupuo bali mstari baada ya mstari. Mistari iliyosomwa taa ikiwa kali huwa myeupe, na ile iliyosomwa taa ikiwa imefifia huwa ya giza. Picha hujaa michirizi, na programu ya kuhesabu huweza kuchukua mchirizi kuwa paa la basi. Muda wa kupokea mwanga ukiwekwa kuwa sekunde 1/100, au mara mbili ya huo, au mara tatu, kila mstari hupata wimbi zima na michirizi hutoweka. Kamera iliyopangwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme hugeuka mara 60, haitafaa hadi irekebishwe.

Lakini dawa hiyo huleta ugonjwa mwingine. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 16.7 kila sekunde. Katika sekunde 1/100 limekwisha kusogea sentimita 17, nalo hutoka kwenye picha likiwa limechafuka kingo. Kwa kuhesabu magari, sentimita 17 si neno. Kwa kutofautisha lori dogo na basi dogo huanza kuwa neno. Kwa kusoma maandishi, kazi imeharibika, na anayeitaka lazima afupishe muda hadi sekunde 1/1,000 na kutafuta mwanga mara kumi zaidi. Hapana programu inayoweza kumkwepesha uchaguzi huo.

Kasi ya kompyuta nayo ihesabiwe. Ikiwa programu huchambua picha 3 tu kwa sekunde, lori hilo husogea mita 5.6 kati ya picha na picha, na kamera inayoona mita 20 za barabara italipata mara tatu au nne. Ikichambua picha 1 kwa sekunde, italipata mara moja, na magari mengine yatapita bila kuonekana kabisa. Prosesa iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati juani ikifika nyuzi 80 za sentigredi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Basi huenda hesabu ya saa tatu asubuhi ikawa sahihi na ile ya saa nane mchana ikawa pungufu, ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Njombe haina shida ya joto. Shida yake ni maji. Sanduku la kamera lililoachwa nje usiku hupoteza joto kuelekea anga, kioo chake hupoa kuliko hewa inayokizunguka, na umande hutua juu yake kama utuavyo kwenye majani. Picha za alfajiri huwa na weupe laini ambao ni rahisi kuudhania ukungu wa angani. Kuna njia ya kuutofautisha: ukungu wa angani huficha vilivyo mbali na kuacha vya karibu, ilhali umande wa kioo huficha vyote sawasawa. Vijipaketi vya chembechembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, vikiwekwa ndani ya sanduku, huzuia umande wa upande wa ndani. Wa nje hufutwa kwa kitambaa, na mtu mwenye kuamka mapema.

Doa lililopotea

Hitilafu nyingine yastahili kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu haiwezi kugunduliwa kwa kutazama picha. Tuseme kila kitu ni sawa: mwanga, rangi, lenzi. Kamera ya pikseli milioni 8 inatazama kipande cha shamba chenye upana wa sentimita 50. Safu 3,280 zikigawanywa kwa milimita 500, kila milimita hupata pikseli 6.56, na doa changa la ukungu la milimita 2 hupata pikseli 13. Jicho la mwanafunzi hulitambua bila shida. Lakini mitandao mingi ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kwa kuonyeshwa mifano, haipokei picha kubwa kiasi hicho. Hutaka picha ya pikseli 224 kwa 224, na picha hupunguzwa kimyakimya kabla ya kuingia. Sasa 3,280 gawanya kwa 224 ni 14.6. Doa la pikseli 13 limekuwa pungufu ya pikseli 1. Programu inajibu kwamba mmea ni mzima, na kwa picha iliyopewa, haikukosea.

Kununua kamera yenye pikseli nyingi zaidi hakusaidii hata kidogo. Picha itapunguzwa hadi 224 vilevile. Kinachosaidia ni kusogea. Jani moja lenye upana wa sentimita 5 likijaza picha, doa lile lile hubaki na pikseli 9 hata baada ya kupunguzwa. Hapa tena lenzi huingilia: kamera za mwanzo zimefungwa zione vizuri kuanzia yapata mita moja, na jani likisogezwa karibu hadi sentimita 10 hutoka limefifia mpaka lenzi izungushwe kwa uangalifu au itumiwe kamera inayojirekebisha.

Mfano wa matokeo ya mambo haya kwa pamoja ulichapishwa mwaka 2016 na watafiti Mohanty, Hughes na Salathé wa Uswisi na Marekani. Waliufundisha mtandao kwa picha 54,306 za majani, ya viazi yakiwemo, magonjwa 26 kwa jumla. Kwa picha za kundi lile lile ambazo mtandao ulikuwa haujaziona, majibu sahihi yalikuwa asilimia 99.35. Kwa picha zilizopigwa katika hali nyingine, yalishuka hadi asilimia 31.4. Mtandao haukubadilika. Majani ya mafunzo yalikuwa yamechumwa na kulazwa moja moja juu ya uso sawa. Mashambani majani hulaliana, hutupiana vivuli, hutikiswa na upepo. Wale waliotayarisha programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa simu bila mtandao wa mawasiliano, walikwenda kupiga picha zao za mafunzo mashambani katika pwani ya Tanzania, na hata hivyo waliona kwamba dalili changa humshinda mtambuzi kuliko dalili zilizokomaa.

Kwa chama cha shule, maana yake ni kwamba jaribio la mwisho hufanyiwa shambani na barabarani. Tena asilimia moja tu haitoshi kueleza matokeo. Shamba lenye mashina 100, matano yakiwa magonjwa, litapewa asilimia 95 za usahihi na programu inayosema "zima" kwa kila shina bila kutazama. Ziandikwe hesabu mbili: wagonjwa walioitwa wazima, na wazima walioitwa wagonjwa. Huko Makambako, wanafunzi wawili wakae njia panda kwa saa moja, kila mmoja na daftari lake, wasionyeshane. Wakihitilafiana wenyewe kwa wenyewe, kamera isilaumiwe kwa kuhitilafiana nao kiasi hicho hicho.

Kisha picha zote ambazo kompyuta imezikosea zihifadhiwe pamoja na tarehe na saa, na zipangwe kwa saa. Zikirundikana alfajiri, kioo kitazamwe kwa umande. Zikirundikana saa saba na saa nane mchana, sanduku lipimwe joto. Zikiwa za usiku tu, tatizo ni taa. Zikitawanyika siku nzima bila mpango, ndipo mwanafunzi afungue programu aliyoiandika na kuanza kuisoma kutoka mstari wa kwanza.